Panakota ya matcha inajitenga tabaka na ina ukakasi, naomba ushauri

Zuu_Jikoni: Wakuu, nahitaji msaada na panakota, kitindamlo cha krimu iliyogandishwa. Natumia krimu mililita 300, maziwa 200, sukari gramu 60, matcha (unga wa chai ya kijani) gramu 6 na jelatini ya kugandishia gramu 10. Ikitoka kwenye friji, chini kuna tope la kijani, juu nyeupe, na ukiitafuna ni ngumu kama mpira. Ladha nayo ina ukakasi. Nibadili nini?

FundiKrimu: Ugumu ni jelatini. Gramu 10 kwa nusu lita ni nyingi mno. Weka 5, na kama utaila kwenye glasi bila kuipindua, 4 zinatosha. Inyunyize juu ya vijiko viwili vya chakula vya maji baridi, uiache dakika 5 hadi 10 ivimbe. Ukiimwaga rundo, katikati hubaki punje kavu ambazo baadaye haziyeyuki.

Tope ni suala jingine. Matcha ni majani yaliyosagwa, hayayeyuki, chembe zake husambaa tu ndani ya krimu. Mchanganyiko ukimiminwa ungali wa moto na mwepesi, chembe zinazama kabla jelatini haijashika. Kwa hiyo weka bakuli juu ya maji yenye barafu, koroga taratibu huku ukikwangua pembeni, mpaka uwe mzito na kijiko kiache alama, kwenye nyuzi 15 hivi. Hapo ndipo umimine. Hatua hii inazuia pia mafuta ya krimu kupanda juu. Usiiruke, dada, ndiyo inayoamua kila kitu.

Chekecheo: Naongezea kuhusu ukakasi. Je, unachemsha matcha pamoja na krimu? Moto mkali hutoa uchungu na kuifanya rangi iwe ya kahawia. Chekecha matcha, ichanganye na sukari ikiwa kavu (sukari hutenganisha chembe zisishikane mabonge), kisha ongeza maji ya nyuzi 70 hadi 80 kidogo kidogo hadi upate uji mzito laini. Krimu na maziwa vipashe hadi nyuzi 60 au 65 tu, epua, yeyushia jelatini humo, halafu umalizie na ule uji. Chuja mara moja.

Angalia na matcha yenyewe. Ikiwa imefifia na kuelekea umanjano, hakuna ufundi wa kuiokoa. Hewa, mwanga na joto huiharibu, kwa hiyo kopo likae kwenye friji limefungwa vizuri, na usilifungue likiwa bado baridi, litavuta unyevu.

Zuu_Jikoni: Ndiyo, nachemsha vyote pamoja. Asanteni sana. Na nikitaka kutumia agari (kigandishi cha mwani), au majani ya kawaida ya chai ya kijani?

FundiKrimu: Agari inawezekana, ila tabia yake ni tofauti: inakatika badala ya kutikisika, na haiyeyuki mdomoni. Kwangu mimi, panakota ni jelatini. Agari ni kwa asiyetumia jelatini. Gramu 2 za agari ya unga zinatosha. Ichemshe kwenye maziwa dakika 2 kamili, kisha tia krimu isiyo baridi, kwa sababu agari huganda ikishuka kwenye nyuzi 35 hadi 40 na krimu ya friji itatengeneza mabonge. Barafu usiiguse kabisa. Koroga na umimine haraka ikiwa bado na joto.

Majani: pasha maziwa hadi nyuzi 75, weka gramu 10, funika dakika 6, chuja bila kukamua, halafu fidia maziwa yaliyonyonywa na majani. Rangi itakuwa hafifu, lakini tope halitakuwepo.

Bi_Glasi: Ikae kwenye friji muda wa saa 4 angalau, ikilala usiku mzima ni bora zaidi. Kuipindua, chovya kikombe kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 5 hadi 8, vuta ukingo kwa kidole hewa iingie, kisha geuza. Matunda ya juu yawe embe au stroberi. Nanasi, papai na kiwi mbichi zina vimeng'enya vinavyokata jelatini, hivyo sehemu zinapogusa hulegea na kutoa maji, zipike kwanza.