Gari la umeme linachemsha betri tangu rejeta ibadilishwe. Nianze na pampu?

Kiunzi
Wakuu, habari zenu. Gari ni la umeme tupu, volti 400, betri inapozwa kwa kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza. Tangu rejeta ibadilishwe, onyo la joto la betri linawaka kila likipanda mlima mrefu au likichajiwa kwa chaja ya haraka. Nguvu inashuka, na kuchaji kunaanza na kilowati 50 kisha kunaporomoka hadi 20. Kulanti kwenye kopo iko kwenye alama, chini hakuna hata tone. Nimesoma kwa OBD (kifaa kinachosoma kompyuta ya gari) mara baada ya kupanda mlima: sensa ya betri yenye joto kubwa ni nyuzi 47, yenye joto dogo 36. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, 58; mota yenyewe 81. Feni inavuma kwelikweli. Nimeambiwa ninunue pampu. Nifanyeje?

Sakiti
Mkuu, usinunue chochote kwanza. Namba zako zimeshasema mengi.

Inveta 58 na mota 81 ni joto la kazi tu, waya za mota huvumilia zaidi ya nyuzi 100. Anayeumia ni betri. Magari mengi huanza kubana mkondo betri ikikaribia 45 hadi 50, na ukipita 60 unaziharibu seli zenyewe. Sasa angalia pengo: 47 kutoa 36 ni nyuzi 11. Kulanti ikizunguka vizuri, sensa zote huwa ndani ya nyuzi 3 hadi 5. Pengo kubwa hivyo maana yake kuna upande haupati kulanti ya kutosha.

Na kwa kuwa mfumo ulifunguliwa juzijuzi, ninachoshuku ni hewa. Kopo kujaa si ushahidi. Njia za kulanti chini ya betri ni nyembamba na zimegawanyika, hewa ikikwama kwenye tawi moja, kulanti inapita kwenye matawi mengine na lile linabaki linachemka.

Ila hakikisha sensa hazikudanganyi. Soma asubuhi kabla ya kuwasha chochote: zote zinatakiwa zilingane, tofauti isizidi nyuzi 2. Inayosoma −40 waya wake umekatika.

BaridiKali
Naongezea upande wa AC, maana watu huusahau. Kwenye magari mengi ya aina hii betri inapozwa na chila, yaani pale gesi ya AC inapopoza kulanti. Gesi ikipungua, au vali ya chila ikigoma kufunguka, betri itachemka hata pampu ikiwa mpya. Ila hapo sensa zote zingepanda kwa pamoja, bila pengo hilo.

Kipimo rahisi: washa AC betri ikiwa moto, kisha shika mpira wa kulanti unaotoka kwenye chila, halafu ule unaoingia kwenye betri. Shika mipira ya kulanti tu, nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mwingi, usiziguse.

Na ikibidi kuongeza gesi, fundi asitumie oili ya AC za magari ya mafuta. Kompresa ya umeme mwingi kwa kawaida inataka oili ya POE. Ile ya PAG, ya magari ya mafuta, inapitisha umeme, na kiasi kidogo tu kinaweza kuleta hitilafu ya insulesheni (kinga inayozuia umeme kuvuja kwenye bodi) gari likagoma kuwaka.

Kiunzi
Nimepima. Asubuhi sensa zote zimelingana. Mpira unaotoka kwenye chila una baridi hadi unatoa jasho, unaoingia kwenye betri una ubaridi kidogo tu. Pampu inanguruma, kisha inatoa mlio mwembamba, kisha inarudi. Mita ya kubana waya inacheza kati ya ampea 2 na 5.

Sakiti
Hapo umeipata. Chila inapoza, ila kulanti haisogei. Pampu ikimeza hewa inazunguka bila mzigo, mlio unapanda na ampea zinashuka. Pampu iliyokufa isingevuta ampea 5.

Toa hewa hivi. Gari liwe limepoa. Inua mbele mpaka kopo liwe juu kuliko sehemu nyingine zote za mfumo. Fungua kifuniko, na skrubu ya kutolea hewa kama ipo. Kwa mashine ya daignosi, amuru pampu ya betri izunguke na vali inayogawa njia za kulanti ipite kwenye nafasi zake zote, dakika 10 hadi 15. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaendesha pampu vali ikiwa imefunga njia ya betri, hewa inabaki palepale. Kiwango kikishuka ongeza, usiache pampu ivute hewa upya. Rudia mpaka mapovu yaishe na ampea zitulie.

Mwenye mashine ya kuvuta vakyumu atafanya vizuri zaidi: vuta hadi karibu baa −0.8, subiri dakika chache uone kama sindano inasimama, ndipo uifungulie kulanti iingie.

Weka kulanti ileile iliyoandikwa kwenye kopo, usichanganye. Maji ya bomba hapana, madini yake yanaleta kutu na kupitisha umeme.

Volti400
Kabla hujamaliza hilo, punguza mkondo. Joto linakwenda na mraba wa mkondo: betri yenye ukinzani wa omu 0.1 ikichajiwa kwa ampea 100 inatoa wati 1,000 za joto, kwa ampea 50 ni wati 250 tu. Chaji polepole kwa sasa.

Ukishatoa hewa, soma tena baada ya mlima uleule. Sehemu ileile ikibaki na moto peke yake, linganisha volti za seli wakati gari linavuta: seli inayoshuka milivolti 100 zaidi ya wenzake ina ukinzani mkubwa, au boti ya kiungo chake imelegea. Hiyo ni kazi ya kufungua betri, mwachie aliyesomea umeme mwingi.

Kingine, weka alama ya kalamu kwenye kopo. Hewa ikitoka, kiwango kitashuka kidogo siku za mwanzo kisha kitasimama. Kikiendelea kushuka na chini hakuna tone, usiendeshe wala kuchaji: kulanti huenda inaingia ndani ya betri. Pima insulesheni kwanza. Kwa volti 400, kiwango cha chini ni omu 100 kwa kila volti, yaani kiloomu 40, lakini betri nzima kiafya husoma juu sana ya hapo.