Chujio la RO kutoka Marekani na koki ya nusu inchi: ninunue viungio gani?

Mwanausa:

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninaishi Usa River, upande wa Arusha, ambako maji ya visima vingi yana floridi ya kutosha kutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na kwa sababu hiyo ndugu yangu aliyeko Marekani amenitumia chujio la RO (linalosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi na floridi) la kufungwa chini ya sinki. Limekuja na makopo ya kuchuja tope na klorini, membreni (ndio utando wenyewe), tangi dogo la kuhifadhia, bomba la kunywea, na mfuko wa viungio vya plastiki ambavyo ndivyo vinavyonishinda. Maji ya nyumbani yanashuka kutoka kwenye simtanki lililo juu ya mnara wa mita tatu hivi, yanaingia jikoni kwa bomba la plastiki la PPR la milimita 20, na chini ya sinki kuna koki ya kona ya nusu inchi.

Kiungio cha kuchukulia maji kimeandikwa nusu inchi, na koki yangu nayo ni ya nusu inchi, lakini nikivifunga vinashikana mizunguko michache tu kisha vinakaza, na nikifungua maji yanavuja pembeni hata baada ya kuzungushia tepu nyeupe. Fundi wa mtaani kwetu anasema dawa yake ni nyuzi nyingi za katani za kuzungushia kwenye kiungo, na spana kubwa. Aidha, nilikwenda dukani kutafuta kiungio cha robo inchi, kwa kuwa mirija ya chujio ni ya robo inchi, nikapewa kipande cha shaba ambacho mrija unapwaya ndani yake. Naomba kuelekezwa ninunue nini hasa, na kama ni sawa fundi akaze hivyo anavyotaka.

Fundi Mabomba:

Ndugu Mwanausa, mzuie fundi kwanza. Koki zinazouzwa Tanzania na Kenya zina hesi (ile mifereji ya kuzungusha na kukaza) za BSP, yaani kipimo cha Kiingereza, ilhali kiungio ulichotumiwa kina hesi za NPT, ambazo ni za Kimarekani. Katika saizi ya nusu inchi aina zote mbili zina hesi 14 kwa kila inchi, ndiyo maana zinadanganya: zinaanza kuingiana kana kwamba ni za familia moja. Lakini pembe ya hesi ya BSP ni nyuzi 55 na ya NPT ni nyuzi 60, vipenyo vyake vinapishana kidogo, na NPT huchongwa kwa mteremko, kwa hiyo baada ya mizunguko michache vilele vya hesi hukwama huku mapengo yakibaki ndani. Tepu haiwezi kujaza mapengo hayo kwa uhakika, na spana kubwa itapasua plastiki. Mara nyingi haipasuki siku hiyohiyo. Inapata ufa mwembamba ambao unafunguka usiku wakati msukumo wa maji umepanda, na asubuhi unakuta kabati limelowa.

Kwenye saizi ya robo inchi na ya inchi 3/8 utagundua kosa mapema zaidi, kwa kuwa BSP ina hesi 19 kwa inchi na NPT ina 18. Hizo hazifichi ugomvi wao.

Kuhusu kile kipande cha shaba, muuzaji hakukuonea. Katika mabomba ya hesi, jina la robo inchi halitokani na kipenyo cha nje. Ni urithi wa mabomba ya chuma ya zamani, na hesi ya BSP ya robo inchi ina kipenyo cha nje cha milimita 13 hivi. Mrija wa chujio, kwa upande wake, hupimwa nje kwa nje, na robo inchi yake ni milimita 6.35 kamili. Dukani useme unataka kiungio chenye hesi ya BSP ya nusu inchi upande mmoja, na upande wa pili tundu la kuchomekea mrija wenye kipenyo cha nje cha robo inchi. Kipande hicho kimoja ndicho kitakachomaliza kazi ya kuhama kutoka bomba la nyumba kwenda kwenye chujio. Usikubali kuuziwa mnyororo wa bushi, nipo (kipande kifupi chenye hesi pande zote mbili) na soketi zilizounganishwa ili kufika saizi ndogo, maana kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuvuja.

Kwa mpangilio, funga tii (kiungio cha njia tatu) ya BSP ya nusu inchi kati ya koki ya kona na mpira unaokwenda kwenye bomba la sinki, kisha kwenye tawi la tii weka koki ndogo ya chujio peke yake, ili siku ya kubadilisha makopo usilazimike kufunga maji ya jiko zima. Panapokutana hesi kwa hesi zungushia tepu kwa kufuata mwelekeo wa kukaza. Penye washa ya mpira usiweke tepu kabisa, kwa sababu pale kinachozuia maji ni washa.

Mama Kibo:

Naongezea kuhusu viungio vya kuchomeka, kwa kuwa watu wengi huvilaumu bure. Mrija ukatwe kwa kisu kikali, wima kabisa, usikatwe kwa mkasi unaoubana ukawa yai. Ndani ya kiungio kuna meno ya kushika na nyuma yake kuna oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji), kwa hiyo mrija ukisukumwa unasimama kwanza kwenye oringi, na mtu asiyejua hudhani umefika. Sukuma tena mpaka ugonge mwisho, kisha uvute kwa nguvu ya wastani kuhakikisha umeshikwa. Ukitaka kuutoa, funga maji na uondoe msukumo, bonyeza ile pete ndogo ya mdomoni kuelekea ndani, na uvute mrija ukiwa umeibonyeza. Mrija uliowahi kuchomekwa huwa na mikwaruzo ya meno. Kata sentimita moja au mbili za ncha kabla ya kuurudisha.

Fundi Chuma:

Naomba nitofautiane kidogo na Fundi Mabomba. Hakusema katani ni mbaya, lakini mtu anaweza kuelewa hivyo. Kwenye bomba la chuma na hesi zilizolingana katani bado inafanya kazi nzuri, tena kuliko tepu nyepesi inayouzwa siku hizi. Ninachokubaliana naye ni kwamba haifai kwenye plastiki, kwa sababu inavimba ikilowa na kusukuma kuta za hesi ya kike kwa nje.

Msafishaji Maji:

Ndugu Mwanausa, viungio vikishakaa sawa utakutana na jambo kubwa zaidi, na ni afadhali ulijue kabla hujatoboa sinki. Mita kumi za kimo cha maji hutoa msukumo wa takriban baa 1, kwa hiyo simtanki lako la mita tatu linatoa kama baa 0.3 tu. Membreni za RO za nyumbani kwa kawaida zinahitaji kuanzia baa 2.8 hivi ili zifanye kazi ipasavyo. Chini ya hapo maji safi yatatoka kwa matone na karibu yote mengine yatakwenda kwenye maji machafu. Utahitaji pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ambayo hufungwa kabla ya membreni, na nyingi zake zina viungio vya kuchomeka vya robo inchi au inchi 3/8, basi linganisha na mirija yako kabla ya kulipa. Ukiamua kuagiza pampu Marekani, angalia transfoma yake: umeme wa kwao ni volti 120 na wetu ni 230.

Usishawishike kuachana na RO kwa sababu ya gharama ya pampu na kununua chujio la makopo ya mkaa pekee. Mkaa wa kawaida huondoa harufu na klorini, wala hauondoi floridi kwa kiasi cha maana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwa maji ya upande wenu kazi hiyo inahitaji membreni, mkaa wa mifupa au njia nyingine iliyokusudiwa floridi. Baada ya kufunga, peleka sampuli maabara. Kile kipimo cha mkononi cha chumvi zilizoyeyuka hakitakutajia floridi.

Mwanausa:

Nawashukuru sana wote. Nimeelewa kuhusu hesi, na suala la msukumo sikuwa nimelifikiria kabisa. Limebaki moja: kile kibanio cha kuunganishia maji machafu kwenye bomba la kutolea maji ya sinki kinalegea, kwa kuwa bomba langu ni la milimita 32. Pia fundi anapendekeza baada ya membreni tutumie viungio vya shaba ili vidumu.

Msafishaji Maji:

Kibanio hicho kimekusudiwa bomba nene kuliko lako, na ukikijazia vipande vya mpira kitakuja kuteleza. Tafuta cha saizi yako, au uache kabisa kutoboa bomba na uelekeze mrija wa maji machafu kwenye ndoo au pipa, ukiacha nafasi ya hewa kati ya ncha ya mrija na maji ili yasirudi nyuma. Kwa kuwa kila lita moja safi huacha lita kadhaa nje, katika nyumba inayotegemea kisima mimi ningechagua pipa. Maji hayo yanafaa kudekia na kusukumia choo, lakini yana floridi iliyokolea kuliko ya kisimani, hivyo yasipikiwe wala kunyweshwa mifugo.

Shaba baada ya membreni, hapana. Maji yaliyotoka kwenye RO yana madini machache sana na hula metali taratibu, na viungio vingi vya shaba vina kiasi fulani cha madini ya risasi. Kuanzia membreni hadi bomba la kunywea tumia plastiki ya kiwango cha maji ya kunywa, na shaba ibaki upande wa koki ya kona. Mirija nayo ipitishwe mahali pasipopigwa na jua.

Fundi Mabomba:

Na siku ya kwanza fungua maji polepole, usubiri hewa iishe kwenye makopo, kisha pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo. Unyevu ambao jicho halioni karatasi itauonyesha. Kiungo cha plastiki kikitokwa na jasho, usikikaze maji yakiwa yamefunguliwa. Funga, kifungue, badilisha tepu, ukirudishe kwa mkono na umalizie na robo mzunguko wa spana ndogo.