Maji ya watoto wetu yameoshewa gari, halafu tunahubiriwa kutunza maji!

Wakuu, nimetoka shuleni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, wa huku kwetu wote mnamjua: yule wa kaunda suti, akishika kipaza sauti Mbagala anasikika Bunju.

Leo ilikuwa siku ya kuhamasisha utunzaji wa maji. Bomba la shule limekauka, kila mtoto kaagizwa dumu la lita 5 kwa ajili ya vyoo. Wangu yuko darasa la pili, kafika shati limelowa mpaka kwenye kola. Wakapangwa juani, bwana mkubwa akahutubia mpaka jua likachoka yeye hajachoka. Kila tone lina thamani! Fungeni koki! Nikapiga makofi kabisa.

Kuzunguka nyuma ya ofisi, nakuta lile gari la bwana mkubwa linaoshwa. Povu mpaka kwenye taa. Na maji yanatoka kwenye madumu ya watoto! La mwanangu nalijua, mfuniko mwekundu nimeukaza kwa nailoni. Liko chini, tupu. Lote limeishia kwenye tairi. TAIRI!

Nikamuuliza kwa adabu mwalimu aliyesimama hapo, "Mwalimu, haya si maji ya vyooni?" Akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba: "Mama, nenda kahamasishe nyumbani kwako." Mbele ya watoto!

Nyumbani kwangu! Mimi ambaye maji ya kuoshea mchele yananywesha mchicha, ya kufulia yanapiga deki kisha yanaenda chooni. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua Dar ikaingia kwenye mgao, nani alikesha na ndoo? Na shule ina mapaa ya bati hayana gata hata moja. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20 tu, ni lita 2,000 zinakwenda matopeni. Halafu mtoto abebe dumu liende kwenye tairi!

Fundi Koki: Pole dada. Hapo hapo koki ya chooni, maji yakirudi, inadondosha usiku kucha. Tone moja kila sekunde ni maelfu ya lita kwa mwaka. Washa ya koki, kile kimpira cha ndani, bei yake ya soda tu. Nilipowaambia, nikaambiwa niandike barua.

Mzee wa Picha: Uzi bila picha ni umbea.

Mtoa mada: Ningepiga kwa mkono gani, na mtoto analia kwenye gauni? Maji ya watoto, kaka, kwenye TAIRI.

Chizi Maarifa wa Kona: Umempigia makofi mwenyewe, sasa unatulilia sisi 😂😂

Mwalimu Mstaafu: Nilikofundisha tulitundika vibuyu chirizi nje ya vyoo: dumu, kamba, kijiti cha kukanyaga. Mtoto ananawa kwa maji kidogo sana na hashiki koki. Hakuna aliyehutubia.

Bweni Damu: Nyie wa kutwa mna raha. Sisi ndoo moja watu watatu, na kiranja anaanza.

Mama Pacha: Afadhali dumu. Kwetu rimu ya karatasi, fagio na JEMBE. Mwanangu yuko chekechea!

Chizi Maarifa wa Kona: Jembe chekechea??

Mama Pacha: Na mpini wake.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye tairi.

Mpangaji Mwema: Shule mnaionea. Mwenye nyumba wangu anafunga maji saa mbili usiku, bili tunagawana sawa, na bustani ni yake peke yake.

Fundi Koki: Yule wa njia panda, mwenye baiskeli?

Mpangaji Mwema: Huyo huyo!

Mama Pacha: Alinilia kodi ya miezi mitatu huyo. Mfungulie uzi wake, nakuja.