Msaada wa haraka: maneno ya Kiingereza yenye "ough" na maana zake (niko Tanga)

Kijana wa Makorora
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Naomba maneno ya Kiingereza yenye herufi o, u, g, h zikifuatana, maana zake na yanavyotamkwa. Mdogo wangu ana mtihani Jumatatu. Nimejikusanyia tisa, ila kila moja linasomeka kivyake. Kamusi ninayo, lakini mchwa wamekula kuanzia S hadi mwisho. Usiku silali.

Kahawa Chungu
Unakosa usingizi kwa maneno tisa? Wenzio tunakosa kwa kodi ya nyumba.

Mama wa Chuda
Mwanangu, chukua kalamu. "Cough" ni kukohoa, tamka *kof*. "Trough" ni hori la kulishia ng'ombe, *trof*. "Tough" ni ngumu, "rough" ni yenye kukwaruza, "enough" ni ya kutosha, na zote tatu zinaishia *af*. "Dough" ni donge la unga uliokandwa, *do*. "Though" ni ingawa, *dho*, dh ileile ya dhahabu. "Bough" ni tawi kubwa la mti, *bau*, na mwenzake ni "plough", jembe la kukokotwa na ng'ombe. Wamarekani walichoka, wao wanaandika "plow". "Through" ni kupitia, *thru*. "Thorough" ni kwa ukamilifu, bila kuacha kitu, *thara*.

Ukiona t mwishoni umepumzika kidogo: "bought" alinunua, "brought" alileta, "fought" alipigana, "thought" aliwaza, zote *ot*. Halafu inakuja "drought", ukame, nayo ni *draut*. Usiniulize kwa nini.

Baharia Mstaafu
Hiyo "dough" iliniaibisha melini. Mimi msaidizi wa jikoni, naona kwenye chumba cha baridi boksi limeandikwa "dough". Nikaisoma kama "tough", nikapata *daf*. Mpishi mkuu, Mswahili wa Mombasa, akaniuliza kuna nini mle ndani. Nikamjibu: daf. Akaniambia lete mawili, na kisu cha kufulia. Nikamletea donge la unga lenye barafu, na yeye keshaandaa glasi. Mpaka nashuka meli ile niliitwa Dafu.

Msomaji wa Raskazone
Mama wa Chuda, sababu ipo. Hiyo gh zamani ilikuwa inatamkwa. Ilitoka kooni, karibu sana na kh ya Sheikh anavyoitamka mtu aliyesoma chuoni. Wajerumani, hao waliotuachia neno shule, bado wanayo: usiku kwao ni "Nacht", Mwingereza ana "night", binti ni "Tochter", Mwingereza ana "daughter". William Caxton alifungua kiwanda chake cha kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, na wachapaji wakaanza kuyagandisha maandishi. Midomo ya watu haikuganda. Mahali pengine ile kh ikageuka f, pengine ikapotea kabisa. Herufi zikabaki kama jina la marehemu kwenye mlango.

Sisi gh ya ghali ni hiyohiyo ya ghafla na ya lugha. Tushukuru.

Kahawa Chungu
Ghali tunaijua sana, hatuhitaji kuitamka.

Kijana wa Makorora
Mungu awabariki. Sasa hiyo "through" na "thorough", tofauti yake ni kubwa kweli? Mtu akiandika moja kwa maana ya nyingine, msomaji ataelewa?

Dada Mnyoofu
Umeletewa maneno zaidi ya kumi, umeng'ang'ania mawili. Na mtihani gani huo Disemba? Darasa la saba walimaliza Septemba, shule zimefungwa. Sema ukweli usaidiwe.

Kijana wa Makorora
Haya. Hakuna mdogo. Nimefungua tuisheni ya watoto wanaosubiri kuingia kidato cha kwanza, tunaanza Jumatatu. Wazazi 14 wameshalipa, elfu kumi kila mmoja, na hela imeishia kwenye mabenchi na bango. Bango limeandikwa THROUGH ENGLISH TUITION. Nilikusudia ile nyingine. Jana mzazi mmoja, mtu wa bandarini, alisimama akalisoma mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, hii maana yake nini?" Nikajifanya napokea simu.

Ila nimewaza, sioni kosa kubwa. "Through" ni kupitia, si ndiyo? Mtoto anapitia Kiingereza, anatokea upande wa pili. Nikilieleza hivyo watakubali.

Mama wa Chuda
Anatokea upande wa pili akiwa hajui kitu. Ongeza O katikati ya H na R, mwanangu, yaishe.

Kijana wa Makorora
Nafasi hakuna mama, herufi zimebanana. Fundi anataka elfu kumi na tano kupaka upya.

Msomaji wa Raskazone
Kosa la fundi, hela ya nini tena?

Kijana wa Makorora
Ana karatasi niliyomwandikia.

Dada Mnyoofu
Kumbe. Umekula hela za watu kufundisha lugha unayoiuliza huku. Rudisha. Mimi mwanangu alisoma tuisheni ya namna hiyo, akarudi nyumbani ananiambia "I am agree", nami nikampongeza kwa kutojua. Miaka miwili kuitoa hiyo.

Kijana wa Makorora
Dada, mabenchi hayarudishwi. Na mimi sarufi ninaijua, ni spelingi tu.

Mzee wa Fitina
Hii chai, tena haina tangawizi. Kwanza mdogo ana mtihani, mara mdogo hayupo. Mchwa nao wameanzia S, ili T iwe imeliwa! Mchwa gani wanajua alfabeti? Ni mtunzi anatafuta watu wa kumchangamkia. Weka picha ya bango.

Kijana wa Makorora
Kamera ya simu imepasuka.

Mzee wa Fitina
Nilijua.

Baharia Mstaafu
Hata mimi walisema ya dafu ni uongo.

Mzee wa Fitina
Na ni uongo.

Baiskeli ya Ngamiani
Wakuu, mimi nasambaza mikate, nazunguka mitaa yote na baiskeli. Bango lipo, njia ya kwenda sokoni Makorora, bluu kwenye nyeupe, limefungwa kwa waya kwenye mwarobaini. Leo asubuhi nimelipita rangi haijakauka. Ila halisomeki THROUGH. Ile R imefutwa kwa rangi nyeupe. Limebaki TH, kijipengo, OUGH, kisha ENGLISH TUITION. Nimemkuta fundi anaosha brashi, anasema aliambiwa kwenye simu kosa lipo kwenye R.

Mama wa Chuda
Nilisema ongeza O! Sasa linasema Ingawa Tuisheni ya Kiingereza.

Kahawa Chungu
Nimemwaga kahawa.

Kijana wa Makorora
Nilimwambia aongeze herufi *kabla* ya R. Mtandao ulikuwa unakatika. Na elfu kumi na tano keshachukua.

Samahanini wakuu, swali la mwisho: "though" inaruhusiwa kukaa mwanzo wa sentensi?