Naomba ushauri, mpango wa nchi wa kufukia kaboni unapimwaje?

Wakuu salama? Niko Hoima, Uganda, nimepewa kazi ya kupima mipango ya nchi za wenzetu ya kunasa hewa ya ukaa na kuifukia chini, nimeanza na Uingereza. Wao walisema ikifika 2030 watakuwa wananasa tani milioni 20 mpaka 30 kwa mwaka, haya sawa, ila mi nataka kujua nani analipa na ikija kuvuja wakati kampuni imeshafunga ofisi nani anabanwa. Norway angalau inaeleweka, pale Sleipner, kwenye uchimbaji wao wa gesi baharini, walianza 1996 kuisukuma hiyo hewa chini ya bahari, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka, na kodi ya kaboni ndo iliwabana mpaka wakafanya. Sasa mradi wa gesi wa Gorgon kule Australia walianza 2019 wakawa wanafukia pungufu ya walichoahidi, hapo alama nawapaje, kwa uwezo wa mtambo au tani zilizoingia kweli? Mi nasimama na tani zilizoingia, bosi hataki. Na mtu wa jiolojia anisaidie, miamba ya huku Ziwa Albert inaweza kutunza hiyo hewa? Najua nitaulizwa tu, na haya mafuta yetu.