Pleya mbili, laini moja: ubora unapanda na kushuka kila mara

pikseli3
Wakuu, laini ni Mbps 8 na pleya mbili za hls.js (maktaba ya JavaScript ya kucheza video kwenye kivinjari) zinaitumia pamoja. Ngazi za ubora wa video ni Mbps 0.8, 1.5, 3 na 5, vipande vya sekunde 4. Kwa hesabu kila moja ingetulia kwenye 3, lakini zote zinaruka 5, zinaanguka 1.5, zinarudi tena. Shida iko wapi? Nipunguze vipande viwe vya sekunde 2?

bafa_tele
Mkuu, pleya hupima kasi pale tu inapopakua. Bafa (akiba ya video iliyokwisha pakuliwa) ikijaa, inavuta kipande kimoja kisha inanyamaza. Kipande cha ngazi ya 3 ni megabiti 12. Laini ikiwa tupu kinashuka kwa sekunde 1.5, halafu kimya sekunde 2.5. Mwenzake akipakua ndani ya kimya hicho anaona Mbps 8 zote ni zake. hls.js huzidisha kipimo kwa 0.7 kabla ya kupanda (`abrBandWidthUpFactor`), inapata 5.6, basi inachukua 5. Vipande vikigongana, kila mmoja anabaki na 4 na kuporomoka kunaanza. Weka 0.6: inatoka 4.8, haipandi.

Washa pia `capLevelToPlayerSize`, kwa kawaida imezimwa. Kidirisha kidogo hakina haja ya video ya 1080p.

seva_kimya
Sekunde 2 usijaribu. Kwa mfano, kipande cha ngazi ndogo ya kbps 500 kinakuwa KB 125 tu, na TCP (itifaki inayosafirisha data) huanza na dirisha la pakiti 10 kwa mkupuo, kama KB 15, ikiliongeza maradufu kila mzunguko wa kwenda na kurudi. Hapo ni mizunguko 4. Kwenda na kurudi kukiwa ms 150, pleya inapima Mbps 1.7 kwenye laini ya 8. Tena Linux hurudisha dirisha hilo mwanzo kila muunganisho ukikaa kimya kidogo. Kwenye seva weka `net.ipv4.tcp_slow_start_after_idle=0`.

pikseli3
Na nikibana kasi kwenye nginx, programu ya seva inayotoa video?

seva_kimya
Inasaidia, maana kipande kinashuka polepole na kimya kinapungua. Ila `limit_rate` inahesabu baiti, si biti: `500k` ni kama Mbps 4. Wengi huandika `4m` na kushangaa hakuna kilichobadilika. Ukiiweka kwa watazamaji wote, hata mwenye laini ya Mbps 50 hataiona ngazi ya 5, kwa hiyo anza na ile 0.6.