Tumeuziwa safari ya treni hadi Jinja, tukafikishwa kwa basi. Nadai pesa yangu yote!

Wakuu, leo ni Jumanne na hasira ya Jumamosi bado haijanitoka, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kwa ukali.

Kampuni moja ya utalii ya Kampala ilitangaza safari ya siku moja kwa treni: Kampala hadi Jinja, kuvuka Mto Naili juu ya daraja la reli, mchana samaki, jioni kurudi kwa treni hiyohiyo. Shilingi 180,000 mtu mzima, 100,000 mtoto. Nikalipa kwa simu wiki mbili kabla, mimi na mpwa wangu wa miaka 11. Nikatoka Tororo Ijumaa nikalala kwa dada yangu, mama yake mtoto, maana tuliambiwa tuwe stesheni saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa.

Treni iliondoka saa tatu na nusu. Hilo nililimeza. Nimekulia kando ya reli, kusubiri nakujua. Na niseme wazi, dereva na gadi wake, yule msimamizi wa safari ndani ya treni, hawana kosa lolote. Treni ilikwenda vizuri, mtoto kaganda dirishani anahesabu nguzo. Tukafika Namanve, nje kidogo tu ya Kampala, tukasimama. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Kisha akapita binti wa kampuni akituambia kwamba mbele reli inatengenezwa, tushuke na mizigo yetu, mabasi yako nje.

Namanve, jamani! Hapo ndipo hufika treni ya kawaida ya watu wanaokwenda kazini na kurudi Kampala, kwa nauli ndogo kabisa. Nimelipa laki na themanini kufika Namanve.

Nilipotoka nje nikamuuliza dereva wa basi amefika saa ngapi. Akanijibu, "Mzee, mimi nipo hapa tangu saa moja. Walitukodi Jumatano."

Jumatano! Someni tena hapo. Sina ugomvi na mafundi wanaobadilisha mataruma, ile njia ni ya zamani na ikitengenezwa ni furaha yangu. Lakini watu hawa walijua siku tatu kabla kwamba treni haitavuka Naili, wakanyamaza, na Alhamisi wakanitumia ujumbe wa kunikumbusha nibebe kamera kwa ajili ya daraja.

Huenda wengine mtasema daraja ni daraja tu. Kwetu sisi si hivyo. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901 ikakomea kwenye maji. Kwa miaka 30 mzigo wa Kampala ulishushwa Kisumu, ukapakiwa melini, ukavuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, bandari ya Kampala. Jinja yenyewe ilikuwa na kipande chake cha reli peke yake, kilichokwenda Namasagali tangu 1912 kuipokea pamba ya upande wa Ziwa Kyoga. Daraja la 1931 ndilo lililomwezesha mtu kupanda treni Mombasa na kushukia Kampala. Marehemu baba yangu alikuwa gadi, tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki hadi ilipogawanywa 1977 na hata baada ya hapo. Alilivuka daraja hilo mara zisizo na idadi. Alikuwa akitusimulia jinsi treni inavyopunguza mwendo, jinsi mlio wa magurudumu unavyobadilika ukiacha udongo na kuingia kwenye chuma, halafu ukichungulia chini ni maji matupu. Mimi nilivushwa nikiwa mchanga mgongoni mwa mama. Sikumbuki chochote. Nilitaka nisikie mlio ule na mtoto wa dada yangu akiwa kando yangu.

Badala yake tulikaa kwenye foleni ya Mukono. Humo basini kijana wao mwenye kipaza sauti akatuambia kwamba daraja la Jinja lilijengwa 1901 na treni ya kwanza ikafika Kampala mwaka huohuo. Nikamsahihisha kwa upole. Akasema, "Mzee, tuache tuendelee na ratiba." Mtu anauza safari ya reli na hajui hata reli ilifika lini mji anaotoka!

Jinja tulifika saa nane. Samaki hakuna, kila mtu alipewa rolex moja iliyopoa, ile chapati ya kukunjiwa mayai. Tukapelekwa kando ya mto tukapewa dakika ishirini kulitazama daraja kwa mbali. Mpwa wangu akalitazama, akaniuliza, "Mjomba, treni yetu itapita saa ngapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kampala tulirudi saa tano usiku, kwa basi.

Jana nikapiga simu. Jibu lao: safari ilifanyika, Jinja mlifika, kwa hiyo pesa hairudi, lakini nitapunguziwa 20,000 nikilipia safari ijayo. Na tangazo lao sasa limebadilishwa, limeandikwa "treni na basi". Nimehifadhi picha ya lile la kwanza, risiti, na ujumbe wa Alhamisi.

Yule mama wa Mbale aliyekuwa na wajukuu watatu behewa la pili, na wale vijana wenye kamera kubwa mliokaa nyuma yetu, kama mnasoma hapa, niandikieni faragha. Tuandike barua moja yenye majina yetu sote na tuipeleke kwa wanaosimamia leseni za utalii. Yeyote aliyewahi kurudishiwa pesa na kampuni za namna hii, nielezeni mlipitia wapi. Mimi nadai 280,000 kamili, na punguzo lao silitaki.